Karatasi za A4 za ofisini kwenu zimetoka msitu gani? Someni boksi kwanza kabla ya kubisha

#1 Bwana Stoo
Wakuu, habari za jioni.

Nipo kitengo cha manunuzi kwenye taasisi moja hapa Dodoma. Kila robo mwaka tunaagiza karatasi za A4, na vigezo vyetu ni vitatu tu: bei, weupe, na zisikwame kwenye mashine. Juzi kijana wa chuo aliyekuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo kauliza katikati ya kikao, "Hizi karatasi zinatokana na miti ya wapi?" Watu wakacheka, mwenyekiti akasema twende ajenda inayofuata. Mimi swali halijanitoka.

Nimeshuka stoo nikasoma maboksi. Moja Indonesia, lingine Thailand, lingine Afrika Kusini. La Tanzania sikuona. Nikapekua mtandaoni, nikakuta kwamba kule Sumatra, kisiwa cha Indonesia, misitu ya asili imefyekwa kwa miaka mingi ili kulisha viwanda vya karatasi, tembo na chui milia wakabaki hawana pa kukaa.

Hoja yangu ni hii: kila tukichapa dokezo la posho ya safari ya Morogoro kwa nakala tano, tunakata msitu wa watu ambao hata hatuwajui. Anayebisha abishe kwa data. Watu wa misitu karibuni.

#2 Kunguru wa Posta
Nimevuta kiti. Ila kwanza, hiyo posho ya Morogoro ilitoka?

#3 Mzee wa Rimu
Nauza steshenari Kariakoo tangu enzi za stensili. Hajawahi kuja mteja akaniuliza mti. Wanauliza "mzee, hii ni gramu 80 kweli?" Na wana haki ya kuuliza, kwa sababu kuna maboksi yameandikwa 80 ukiyapima ni 70 na ushee.

Nikupe hesabu ya kukusaidia. Rimu ya A4 ya gramu 80 ina karatasi 500 na uzito wake ni kilo mbili na nusu. Boksi la rimu tano, kilo 12 na nusu. Tani moja ni rimu 400, sawa na maboksi 80. Taasisi yenu inatumia tani ngapi kwa mwaka? Anzia hapo.

#4 Bwana Stoo
Mzee wa Rimu, kwa hesabu yako hiyo tunakaribia tani tano. Na sisi ni taasisi ndogo!

#5 Binti Mafinga
Mleta mada una hoja, ila umeivuta mbali. Mimi ni mtu wa misitu, Nyanda za Juu Kusini.

Watu wakisikia karatasi wanafikiria mininga inaangushwa. Kiwanda cha karatasi kinataka mti ulionyooka, uliofanana na mwenzake, wa umri mmoja, ulio kando ya barabara. Ndiyo sababu kiwanda cha Mgololo kilijengwa Mufindi miaka ya 80: shamba la miti la Sao Hill lilikuwa pale pale, paini na mikaratusi iliyopandwa kwa mistari. Miombo imepinda, ni migumu, imechanganyika aina kwa aina. Hakuna anayeihangaikia kwa karatasi.

Halafu tofautisheni karatasi na karatasi. Paini ina nyuzi ndefu, ndizo zinazoupa nguvu mfuko wa saruji na boksi. Hiyo ya kahawia ndiyo kazi ya Mgololo. Karatasi nyeupe laini ya kuchapia inataka nyuzi fupi kwa wingi, za mkaratusi au akasia, na mtambo mwingine wa kuifanya iwe nyeupe. Ndiyo maana stoo kwako hukukuta boksi la nyumbani.

Misitu ya asili ya Tanzania inakwisha, sibishi. Takwimu za serikali zilishataja hekta kama 469,000 kwa mwaka. Ila inayoimaliza ni mashamba mapya, mkaa, mifugo na moto. Karatasi haipo hata kwenye foleni.

#6 Gunia la Mkaa
Binti Mafinga kamaliza kila kitu. Fungeni uzi. Watu wanapika kwa mkaa asubuhi, mchana wanakuja humu kulilia chui milia wa Sumatra.

#7 Kipanga wa Songea
Uzi haufungwi. Binti, umejibu habari za Mufindi na mleta mada kauliza Sumatra. Hiyo ya "kiwanda kinataka mti ulionyooka" ni kweli pale ambapo mti ulionyooka upo. Usipokuwepo, kiwanda kinakula kilichopo.

Jimbo la Riau, katikati ya Sumatra, lina viwanda viwili kati ya vikubwa kabisa duniani vya rojo ya mbao, ile inayotengenezewa karatasi. Kimoja kiko Perawang, cha kundi la APP. Kingine kiko Pangkalan Kerinci, cha kampuni iitwayo APRIL. Viliongezewa uwezo haraka kuliko mashamba ya miti yalivyoweza kukua, na mtambo wa mabilioni hauzimwi kusubiri mche ukomae. Vikalishwa msitu wa asili, magogo ya kila aina yakasagwa kwa pamoja. Akasia ikaja kupandwa msitu ulipokwisha kuondoka.

Kuna na habari ya udongo, ambayo wengi hawaijui. Sehemu kubwa ya mashariki mwa Riau ni ardhi ya mboji iliyojaa maji: majani na mizizi ya maelfu ya miaka ambayo haikuoza kwa sababu imezama, kina chake mita kadhaa. Akasia haistawi kwenye dimbwi. Kwa hiyo wanachimba mifereji, maji yanashuka, mboji inakauka, inaanza kuoza na kutoa hewa ukaa, na ardhi inatitia kila mwaka. Ikishika moto unatembea chini kwa chini, huwezi kuuzima kwa ndoo. Mwaka 2015, kwenye ukame wa El Niño, ziliungua hekta milioni 2.6 nchini Indonesia, na Benki ya Dunia ikakadiria hasara ya dola bilioni 16. Moshi uliifunika Singapore mpaka maduka makubwa ya huko yakaondoa karatasi za APP kwenye rafu. Moto wote si wa karatasi, michikichi imo na wakulima wadogo wamo. Ila kupotea kwa msitu wa asili kwenye biashara ya karatasi usikulinganishe na paini za Mafinga.

#8 Binti Mafinga
Kipanga, malizia na sehemu ya pili basi. APP walitangaza Februari 2013 kwamba wameacha kutumia msitu wa asili, na APRIL wakatoa ahadi kama hiyo 2015. Boksi analosoma Bwana Stoo leo linatokana na akasia iliyopandwa.

#9 Kipanga wa Songea
Iliyopandwa wapi? Juu ya mboji ile ile. Mti ni mpya, mfereji ni wa zamani, na hewa ukaa inaendelea kutoka hata kama hakuna gogo moja la asili lililokatwa mwaka huu. Na kutangaza ni kutangaza. Sisi Watanzania tunajua matamko.

#10 Kunguru wa Posta
"Sisi Watanzania tunajua matamko." Naomba hii iwekwe juu ya uzi.

#11 Mbeba Maboksi
Salaam kutoka Melbourne. Mnadhani kukata msitu wa asili kwa ajili ya karatasi za ofisi ni mambo ya nchi maskini? Ngojeni niwape ya huku.

Jimbo hili la Victoria lilikuwa na kiwanda Maryvale, bonde la Latrobe, kikitengeneza rimu za A4 ambazo zilikuwa kila ofisi Australia, jina lake Reflex. Sehemu ya mbao yake ilitoka kwenye misitu ya asili ya milima iliyo mashariki ya jiji, misitu ya mkaratusi aina ya Eucalyptus regnans. Huo ni mmoja wa miti mirefu kuliko yote duniani inayotoa maua. Upo mmoja Tasmania una kama mita 100. Sasa mkaratusi mnaoujua nyie ni wa kukata nguzo za umeme. Huu mwingine ukiusimamia chini unaona shina tu.

Mwaka 2009 watafiti wa huku walitoa kipimo kwamba msitu wa namna hiyo ukiachwa uzeeke unahifadhi kaboni nyingi kwa hekta kuliko msitu wowote uliowahi kupimwa, tani 1,867 kwa hekta moja. Na kuna kamnyama ka usiku, Leadbeater's possum, kanakaa kwenye mashimo ya miti mizee tu. Shimo linahitaji zaidi ya miaka 120 kutengenezeka. Mpango wa kuvuna ulikuwa kurudi mahali pale pale kila baada ya miaka 80 hivi. Piga hesabu: mti hautafikia kamwe umri wa kuwa na shimo.

Kulikuwa na sheria ya 1996 ya kukihakikishia kiwanda mbao hadi 2030. Wanakijiji na vikundi vya mazingira wakaenda mahakamani. Kesi moja walishinda 2020 kisha wakashindwa kwenye rufaa 2021. Nyingine, Novemba 2022, mahakama ikaiamuru kampuni ya serikali inayovuna ichunguze kwanza kama kuna wanyama wanaolindwa kabla ya kukata. Uvunaji ukakwama, mbao zikakosekana, na mwanzoni mwa 2023 kiwanda kikaacha kutengeneza karatasi nyeupe. Serikali ya jimbo ikafunga uvunaji wa misitu ya asili kuanzia 1 Januari 2024 badala ya 2030.

#12 Gunia la Mkaa
Na wafanyakazi?

#13 Mbeba Maboksi
Wa upande wa karatasi nyeupe wengi walipoteza kazi. Kiwanda chenyewe kipo, kinatengeneza karatasi za maboksi. Wenyeji wa Latrobe hawakufurahi hata kidogo, lile bonde lilikuwa limeshafungiwa pia mtambo wake wa umeme wa makaa ya mawe wa Hazelwood 2017.

#14 Kunguru wa Posta
Kwa hiyo mkuu, hayo maboksi unayobeba ni ya karatasi?

#15 Mbeba Maboksi
Nimekuwa nikisubiri hilo swali.

#16 Mto Nzoia
Naingia kutoka Bungoma. Binti Mafinga alisema habari za kiwanda kufuata shamba la miti. Kenya tulikuwa na mfano wetu, Pan African Paper Mills pale Webuye. Kilianza uzalishaji 1974, serikali ikiwa na hisa pamoja na kundi la Birla la India na tawi la Benki ya Dunia. Shamba la miti la Turbo lilipandwa kwa ajili yake. Watu wakasema poa, hakuna msitu wa asili utakaoguswa.

Sasa angalia. Mwaka 1999 serikali ilipiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma, lakini kampuni chache kubwa zikaruhusiwa kuendelea, Panpaper ikiwa mojawapo. Mwenye kiwanda kidogo cha mbao akafunga, wakubwa wakaendelea. Na sehemu kubwa ya mashamba ya paini na saipresi ya Kenya yalipandwa mahali palipokuwa na msitu wa asili, kuanzia enzi za mkoloni. Wanakata mti wa asili, wanaruhusu watu walime viazi miaka michache chini ya mfumo wa shamba, kisha wanapanda saipresi. Baadaye ukiuliza unaambiwa, "Hii si msitu wa asili, hii ni plantesheni."

Kiwanda kilifungwa 2009 na madeni, kikauzwa 2016 kwa shilingi milioni 900 kwa kundi la Rai, hao hao wenye Mgololo.

#17 Binti Mafinga
Mto Nzoia, hapo kwa Kenya umesema kweli. Sao Hill sehemu kubwa ilikuwa nyanda za nyasi, si msitu mnene.

#18 Kipanga wa Songea
Kana kwamba nyasi hazina viumbe. Nyasi za milimani za kusini zina mimea yake ambayo huioni chini ya paini hata ukitafuta kwa tochi.

#19 Mwalimu Bi Mkasi
Mimi sijui mambo ya mboji, ila mmesahau karatasi inakoishia. Mitihani ya darasa langu nimekutana nayo stendi ya Ubungo imefungiwa karanga. Nimekula karanga huku nasoma jibu la mwanafunzi aliyeandika mto mrefu kuliko yote Afrika ni Pangani. Kosa nilikuwa nimemwekea mwenyewe kwa wino mwekundu.

Maana yake karatasi yetu haitupwi. Inachapwa upande mmoja, watoto wanachorea upande wa pili, inafungiwa karanga, inawashia jiko. Mzungu anaiweka kwenye pipa la bluu na kujisifu.

#20 Kunguru wa Posta
Mimi nilifungiwa maandazi na hati ya mshahara ya bosi wangu wa zamani. Nilielewa mengi siku ile.

#21 Gunia la Mkaa
Tupe tarakimu.

#22 Kunguru wa Posta
Mafuta ya maandazi yalikuwa yamefuta sehemu ya makato. Iliyobaki inatosha kuumiza.

#23 Mkulima wa Miwati
Niko Njombe. Turudi kwenye mada, maana mnapotea. Hapa kwetu watu wamepanda miti kwa sababu inalipa, si kwa sababu ya chui milia. Mzee akistaafu anapanda paini, mtumishi wa Dar akipata pesa anapanda paini, mpaka shamba la mahindi la babu limekuwa paini. Msitu wa asili wa mabondeni umepata nafuu? Kidogo, kwa sababu mbao na kuni sasa zinatoka kwenye miti ya kupanda. Hilo lazima lisemwe.

Ila vijito. Bonde ambalo mama alikuwa anachota maji mwaka mzima, sasa Oktoba ni tope. Juu yake ni mikaratusi mitupu.

#24 Binti Mafinga
Mkulima, mkaratusi kunywa maji ni suala la mahali ulipopandwa. Ukiuweka kando ya chemchemi utanywa chemchemi. Ukiuweka mgongoni mwa mlima, mbali na bonde, ni habari nyingine. Msilaumu mti.

#25 Mto Nzoia
Marehemu Michuki alipokuwa waziri wa mazingira aliagiza mikaratusi ing'olewe kandokando ya mito na chemchemi Kenya nzima. Wengine waliing'oa, wengine mpaka leo ipo.

#26 Kipanga wa Songea
Afrika Kusini hawakuliacha suala la maji kwenye hisani ya mpandaji. Sheria yao ya maji ya 1998 inahesabu shamba la miti la biashara kama shughuli inayopunguza maji ya mto, unaomba kibali kama vile mtu wa umwagiliaji. Kwa hiyo lile boksi la Bwana Stoo la Afrika Kusini ni la mikaratusi iliyopandwa, sawa, lakini serikali yenyewe ya huko inakubali kwamba mti unakunywa.

Na Thailand nasikia wenyewe wanajisifu kwamba mikaratusi yao inapandwa na wakulima kwenye matuta ya majaruba ya mpunga. Ikiwa ni kweli kwa kila gogo, hilo ndilo boksi lenye afadhali stoo kwako.

#27 Mwana Kivu
Salamu kutoka Bukavu. Huku rimu zinapanda kutoka Mombasa ao Dar, zinapita Kigali, bei inakuwa mara mbili. Kiwanda cha karatasi hatuna. Lakini pori ya Kahuzi-Biega inakatwa juu ya makala (mkaa) na mashamba, na kule Goma ni Virunga. Muniambie, wakati muko munahesabu miti ya Indonesia, nani anahesabu ya kwetu?

#28 Gunia la Mkaa
Mwana Kivu nakuunga mkono. Humu tunajadili wenye printa.

#29 Kipanga wa Songea
Kosa la kwanza halifuti la pili. Mkaa ni wa maskini ambaye hana gesi. Rimu ni ya ofisi yenye bajeti, kamati ya zabuni na sera ya mazingira iliyotundikwa ukutani. Yupi ana nafasi ya kuchagua?

#30 Bwana Stoo
Asanteni sana, uzi umenifikisha mbali. Sasa nije kwenye kazi. Nikitaka kuandika kigezo kwenye zabuni, niandike nini? Boksi moja lina alama ya mti mdogo na herufi FSC, lingine lina PEFC, lingine lina majani ya kijani tu na maneno matamu.

#31 Kipanga wa Songea
Majani ya kijani ni mapambo, achana nayo.

FSC ni shirika la kimataifa la kuidhinisha misitu. Kwenye alama yao soma neno linalofuata. Kuna asilimia 100, maana yake nyuzi zote zimetoka msitu uliokaguliwa. Kuna iliyochakatwa upya. Na kuna mchanganyiko, ambayo ndiyo utaikuta mara nyingi: sehemu imekaguliwa, sehemu ni mbao "iliyodhibitiwa", yaani imechujwa isitoke kwenye vyanzo vibaya kabisa, bila ukaguzi kamili wa msitu wenyewe. FSC hao hao walivunja uhusiano na APP 2007, na APRIL nao uhusiano ukakatika 2013. Kwa hiyo alama ina meno, ingawa meno yalichelewa kuota. PEFC inaidhinisha mifumo ya kila nchi, na wanaharakati wengi wanaiona ni laini zaidi.

#32 Mbeba Maboksi
Na karatasi ya Maryvale nayo haikukosa alama. Kuna wakati msitu wenyewe uko mahakamani na rimu dukani ina cheti. Cheti kinakuambia mtu fulani alikagua karatasi nyingine kuhusu karatasi hii.

#33 Binti Mafinga
Mbeba Maboksi, usiwakatishe tamaa. Bila cheti mkulima mdogo wa Njombe atabaki kuambiwa mti wake haujulikani ulikotoka. Ulaya walipitisha sheria 2023 kwamba mbao na karatasi zinazoingia kwao zithibitishwe hazikutoka eneo lililofyekwa baada ya 2020, mpaka na ramani ya shamba. Wameisogeza mbele utekelezaji, lakini inakuja.

#34 Tehama Kijana
Wazee, mwaka huu bado mnajadili rimu? Kuna ofisi mtandao, kuna saini ya kidijitali, zabuni zote ziko NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Acheni kuchapa. Mada imeisha.

#35 Bwana Stoo
Tehama, naomba nikujibu kwa upole. Zabuni iko NeST, kweli. Baada ya hapo mkaguzi anakuja anataka jalada. Jalada ni karatasi. Dokezo likipita kwenye mfumo, kuna mkuu mmoja wa idara analichapa ili alisome, analigongea muhuri, halafu linapigwa picha kurudishwa kwenye mfumo. Matumizi yetu ya rimu hayajashuka.

#36 Mzee wa Rimu
Na Mungu awabariki.

#37 Mwalimu Bi Mkasi
Kwa nini hatutumii karatasi zilizochakatwa upya? Mwenye majibu.

#38 Mzee wa Rimu
Nilileta mara moja. Rangi yake kijivu kidogo, wateja wakasema imeingia maji. Ofisi moja ikarudisha kwamba inakwamisha mashine, nikaenda kuangalia nikakuta mashine haijasafishwa tangu inunuliwe. Bei nayo ilikuwa juu ya nyeupe, kwa sababu inatoka mbali zaidi.

Hapa ndani karatasi chakavu zinakusanywa, vijana wanapita maofisini na mikokoteni, lakini zinakwenda kuwa karatasi ya chooni, trei za mayai na maboksi. Na jueni kwamba uzi wa karatasi hauchakatwi milele. Mara tano mpaka saba umeshakatika, unakuwa vumbi. Kila siku lazima uingize nyuzi mpya kutoka mti fulani.

#39 Gunia la Mkaa
Sasa miti mingapi hasa? Naona hadi huku mmeogopa namba. Nimekuta kwamba tani ya karatasi za ofisi ni miti 24.

#40 Binti Mafinga
Hiyo namba inazunguka dunia nzima. Imetoka kwenye makadirio ya Marekani ya miti midogo, urefu futi 40 na unene wa inchi 6 hadi 8. Ukigawanya kwa rimu 400 za Mzee wa Rimu unapata mti mmoja kwa rimu 16 na kitu. Kwa mkaratusi wa Brazil unaovunwa na miaka saba itakuwa hesabu nyingine, na kwa ule mti wa Mbeba Maboksi nyingine kabisa.

Na karatasi si mti mtupu. Karatasi ya kuchapia ina unga wa chokaa ndani yake, inaweza kufika kama moja ya tano ya uzito. Upande wa pili, mbao ikipikwa kwa dawa inabaki nyuzi karibu nusu ya uzito wake. Nusu nyingine inakuwa maji meusi ambayo kiwanda kinayachoma kupata umeme na mvuke.

#41 Kipanga wa Songea
Kuhesabu miti kwa idadi ndiko kunakotupoteza. Miti 24 ya akasia ya miaka mitano na miti 24 ya msitu ambao babu wa babu hakuwahi kuuona ukiota ni 24 zote mbili kwenye jedwali.

#42 Mbeba Maboksi
Hapo sasa niwape sehemu ya pili ya Australia, ambayo inaniuma mimi mwenyewe. Maryvale ndicho kilikuwa kiwanda cha mwisho kutengeneza karatasi nyeupe ya kuchapia nchini humu. Kilipoacha, ofisi hazikuacha kuchapa. Rimu sasa zinaletwa na meli kutoka nje, na Indonesia imo. Kwa hiyo kamnyama ketu kamepumua. Swali la nani kakosa pumzi badala yake sijamsikia mtu wa huku akilijibu.

#43 Binti Mafinga
Ndicho ninachosema tangu posti ya tano! Ukifunga msitu bila kuwa na shamba la miti, unahamisha shoka tu. Tanzania tuwe na mtambo wetu wa karatasi nyeupe, mikaratusi tunayo.

#44 Mkulima wa Miwati
Upandwe wapi, Binti? Bondeni kwetu hapana.

#45 Binti Mafinga
Mgongoni mwa mlima, nilishasema.

#46 Mkulima wa Miwati
Mgongoni ndiko yalikobaki mahindi.

#47 Tehama Kijana
Narudia: acheni kuchapa.

#48 Bwana Stoo
Nimeandika rasimu ya kigezo: karatasi gramu 80, chanzo cha mbao kielezwe, cheti kiambatishwe, na kuchapa pande mbili kuwe utaratibu wa kawaida wa ofisi. Napeleka kwenye kamati Alhamisi. Mwenyekiti ameshaniuliza kama cheti kitaongeza bei, nami sina jibu.

#49 Mzee wa Rimu
Kitaongeza kidogo. Ikitangazwa hiyo zabuni nistue, mzigo wa Afrika Kusini unaingia mwisho wa mwezi na cheti kimo ndani ya boksi.

#50 Kunguru wa Posta
Maslahi binafsi yametangazwa hadharani, mbele ya mashahidi. Bwana Stoo, rasimu yenyewe umechapa nakala ngapi?

#51 Bwana Stoo
Tano. Kamati ina watu watano.